Kabla Namba Haijatulia

Niliandika sita. Hiyo namba bado iko kwenye daftari la klabu ya sayansi, kwa mwandiko wangu mzuri, na kila nikiiona nageuza ukurasa.

Jumamosi ile tulienda kwa senje, dada ya baba, huko Lurambi, kupima oksijeni kwenye bwawa lake la samaki. Samaki walikuwa wanakujanga juu asubuhi kuhema, naye alishuku samadi ya kuku aliyotia majini ndiyo imezidi. Mwalimu alinipa kifaa mimi, kwa sababu siongei sana na huwa nasoma maagizo. Nilijua la kufanya: loanisha sponji ndani ya kifuniko, ingiza ncha ya kifaa humo, ngoja dakika kumi na tano mpaka namba itulie, ndipo ubonyeze kitufe kukiambia kwamba hiki ndicho kiwango kamili cha oksijeni hewani.

Dakika ya tatu namba ilikuwa bado inapanda. Wenzangu walikuwa wamechoka kusimama.

"Dokta, mgonjwa wako hajaamka?" mmoja akauliza.

"Anamwombea kwanza," mwingine akasema, wote wakacheka.

Masikio yakawa moto. Nikabonyeza.

Kifaa kikaamini namba ile ya nusu njia ndiyo kamili, kwa hiyo kila kilichopimwa baadaye kilionekana kingi kuliko kilivyo. Bwawa likasoma miligramu sita kwa lita.

"Sita ni nzuri, senje," nikamwambia. "Endelea tu na samadi."

Wiki mbili baadaye baba alirudi kutoka kwa senje akasema samaki wamekufa, ndoo mbili nzima. Senje alimtumia mwalimu ujumbe kuomba msamaha, eti ametuharibia kazi yetu, pengine aliwalisha vibaya. Huo msamaha wake ndio ulionimaliza.

Jana niliomba kifaa, nikaenda peke yangu mapema. Nilikaa kando ya bwawa dakika zote kumi na tano, senje akinitazama. Kisha nikatumbukiza ncha majini. Mbili.

"Na siku ile ilikuwa ngapi?" senje akauliza.

"Sita."

"Bwawa ni lile lile. Sita imeenda wapi?"

Nilifikiria kusingizia joto. "Sikungoja, senje. Nilibonyeza haraka kwa sababu walikuwa wananicheka."

"Wakaacha kucheka?"

"Hapana."

Aliinama akaitazama namba mwenyewe. Halafu akaniambia kwamba siku ile alikuwa ameshaleta karai kuitoa hiyo samadi, akalirudisha jikoni kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Hakuinua sauti. Heri angeinua.

Akaniletea karai. Samadi ilikuwa majini, ndani ya uzio wa fito kwenye pembe ya bwawa. Nikavua viatu, nikaingia.

"Ya chini kabisa pia," akasema. Mpaka saa sita mchana nilikuwa bado nachota.