Nimeenda mazoezi ya baiskeli, nimerudi na ngamia

Nilikuwa nazunguka ziwa dogo kando ya mto Tana, njia ya changarawe, upande mmoja matope, upande mwingine mashamba ya ndizi.

Mzee mmoja akanisimamisha, akaniita ami kwa Kisomali.

"Adeer, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu. Nafanya mazoezi tu."

Akanionea huruma. "Usione aibu. Ngamia imepotea?"

Jua lilikuwa kali. Nikasema ndiyo, niende zangu.

Akauliza rangi. Nikasema mweupe.
Akauliza alama. Nikagusa shingo.
Akapiga simu.

Kumaliza mzunguko, nakuta wanaume wameacha kumwagilia mashamba. Wamemshika ngamia mweupe, alama shingoni, wanamshukuru Mungu kwa niaba yangu.

Wewe ungesema nini?

Mwenyewe aje haraka. Nyumbani, mama yangu ameshampa jina.