Miaka Mitano ya Bi Nilofar

Miaka mitano aliyokatwa na baba yake mwaka 1956 haikumsumbua Bi Nilofar hata siku moja, mpaka magoti yalipoanza kumsuta.

Mambo yalikuwa hivi. Huko Mwanza, posa ya Tajdin ilipoletwa, Nilofar alikuwa na miaka ishirini na mitano, na mchumba ishirini na mitatu. Mama yake Tajdin alikwishatangaza kwamba nyumbani kwake haingii bibi harusi aliyemtangulia mumewe duniani. Nilofar hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kama wasichana wengi wa wakati ule. Basi mzee wake akafunga duka mapema, akaenda bomani, akala kiapo kwamba binti ana miaka ishirini. Harusi ikafanyika, pilau ikaliwa. Kiapo kikazaa pasipoti, pasipoti ikazaa karatasi za Kanada, na Tajdin akaishi miaka arobaini akijiita mkubwa wa nyumba.

Sasa ilikuwa 1996, huko North York, Kanada, na bibi wa miaka sitini na mitano alikuwa bado anasimama kutwa kiwandani, akipanga biskuti zinazopita kwenye mkanda usiojua kungoja. Pensheni ya serikali, inayotolewa mtu akitimiza sitini na mitano, alistahili kuipata tangu Machi, lakini karatasi zilisema ana sitini. Baba aliapa kwa ajili ya posa, na binti ndiye aliyebaki kulipa kwa miguu yake. Nani alimwuliza?

Kilichomtoa utulivu kabisa ni redio. Asubuhi moja walitangaza kwamba serikali inawauliza wananchi kama umri wa pensheni upandishwe, pengine hadi sitini na saba. Bi Nilofar akaacha chai ikafurika jikoni. Sitini na saba ya karatasi ni sabini na mbili ya magoti! Tangu siku hiyo hakukalika. Akiketi anainuka, akiinuka anakwenda dirishani, akishika tasbihi anajikuta anahesabu miaka badala ya dua. Mwishowe akaenda ofisi ya pensheni, wakamwambia alete ndugu mkubwa anayekumbuka alipozaliwa, aape mbele ya wakili, ndipo waangalie.

Jumapili akapanda basi, kisha treni, mpaka Pickering kwa kaka yake Alimohamed. Huyu alikuwa na miaka minane dada yake alipozaliwa, na alikumbuka mpaka jina la mkunga.

"Nitaapa hata kesho," Alimohamed akasema. "Ila shemeji ajue kwanza. Siwezi kumvua nguo mwanaume mwenzangu nyuma ya mgongo wake."

"Akikataa je, Kaka?"

"Akikataa, mimi simo. Mficha uchi hazai, Nilofar. Nenda kamwambie."

Rahisi kwake kusema! Njia nzima ya kurudi Bi Nilofar alikuwa na hasira na wanaume watatu: aliyekwisha kuapa, anayesita kuapa, na yule ambaye hata hajaulizwa. Akaogopa pia, na hofu hiyo ikamwudhi zaidi.

Alimkuta Tajdin sebuleni na gazeti lake. Dua na mahaba yao yalikuwa kwa Kikachi, lugha ya mababu zao wa Bara Hindi, lakini ugomvi waliufanya kwa Kiswahili tangu Mwanza. Bi Nilofar hakuvua hata koti.

"Baba Amyn, nimekuzidi miaka miwili."

Tajdin akafungua ukurasa mwingine. "Najua. Mama alikuja kuambiwa baada ya harusi, akalia siku mbili, kisha akaniambia. Ya zamani hayo."

Miaka arobaini ya kuchunga ulimi wake bure! Bi Nilofar nusura acheke. Kisha kicheko kikamkwama, kwa maana wazo lingine lilikuwa limekwishaingia.

"Basi Machi ulijua."

"Mama Amyn..."

"Machi ulijua nimefika sitini na mitano. Ukanitazama kila asubuhi navaa viatu vya kiwandani, ukaniambia, 'Vumilia, wewe bado kijana.'"

Tajdin akakunja gazeti taratibu, likawa dogo kabisa. "Watu tunaosali nao jamatkhana watasema nini? Wamenijua hivi maisha yangu yote."

Uchungu ulimpanda Bi Nilofar, wala hakuuficha. Machozi yakamtoka huku anabonyeza namba za Pickering. Akamnyooshea mumewe simu.

"Watasema nini, Mama Amyn?" Tajdin akarudia.

"Watasema mimi ni mzee. Na waseme! Nimechoka kuwa kijana wako."

Alimohamed akaitika upande wa pili. Tajdin akamsalimu, akauliza habari za watoto, akauliza kama Pickering kuna theluji, akakohoa. Bi Nilofar hakusogea mbele yake.

"Shemeji," Tajdin akasema mwishowe, sauti imemshuka, "dada yako ana miaka sitini na mitano. Nenda ukaape."