Wakati Uliopita

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na suruali moja ya kijivu aliyoivaa Jumatatu mpaka Jumamosi, na bado sisi wasichana wa sekondari tulimpenda kupita kiasi. Mimi nilimpenda zaidi ya wote, kwa sababu nilikuwa wa kwanza katika somo lake na sikumruhusu mtu asahau jambo hilo. Kiingereza chenyewe hakikuwa na kazi mjini Kindu. Treni ilitoka kusini na Kifaransa chake, wanajeshi walikuja na Kilingala chao, sokoni tulisema Kiswahili. Ungekaa mwaka mzima kando ya mto Lualaba usimwone Mwingereza hata wa dawa.

Siku moja alitufundisha jinsi Waingereza wanavyosema kwamba saa ya jambo imetimia. Mtihani ukiisha, mwalimu wao husema Time's up, yaani muda umekwisha, weka kalamu chini. Wakianza safari au kazi husema Here we go, haya, twende. Kisha akaandika ubaoni It's high time, akasema hapo ndipo penye mtego: kitendo kinachofuata huwekwa katika wakati uliopita, ingawa bado hakijatendeka. "Muingereza akisema saa imefika, anasema sawa na muntu mwenye amekwisha chelewa," alisema, nasi tukacheka. Kwa mfano akaandika: It's high time he went. Wakati umefika aende, tena alipaswa awe amekwisha kwenda.

Juu ya ubao, kama katika kila darasa la Zaire, ilining'inia picha ya Rais na kofia yake ya ngozi ya chui. Sentensi ilikaa chini yake, karibu kabisa na kidevu. Kicheko kikakatika. Msichana wa mbele akauliza, "Huyu he njo nani, sitoyeni?" Sitoyeni, yaani raia, lilikuwa neno la lazima, maana Chama cha Rais kilikuwa kimetukataza kuitana bwana. Mwalimu akageuka, akaitazama picha, akafuta ubao haraka kwa kiganja, si kwa kitambaa.

"Muntu yeyote," akasema. Mimi nilikuwa nimekwisha kunakili.

Nyumbani mimi na mama tuliishi na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba. Alikuwa mtu wa Chama katika mtaa wetu. Ndiye aliyejua nani hakuja kwenye kazi ya pamoja ya Jumamosi na nani alipiga makofi kwa uvivu. Ndiye pia aliyenilipia masomo, kwa hiyo jioni alipenda kufungua madaftari yangu.

"Hii njo Kingereza? Inasema nini?"

Ningeweza kujibu kwamba sijui. Lakini mimi, nisijue? Nilimtafsiria ukurasa mzima, nikifuata mistari kwa kidole, mpaka ile sentensi ya mwisho.

"Nani huyu mwenye anapashwa kwenda?"

"Mwalimu hakusema, papa mudogo. Alifuta mbio mbio."

Alifunga daftari, akaliweka kwapani, akatoka nalo.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele nikamsikia akimwambia mama, "Kesho huyu mutoto asiende ku masomo."

"Juu ya nini?"

"Ule mwalimu wake, leo magaribi watamubeba kwake. Sitaki huyu akuwe kule wakianza kuuliza watoto."

Ungo uliniponyoka, mchele wote chini. Nilijua mara moja ni mdomo wangu uliofanya kazi hiyo. Nilimdanganya mama kwamba nakwenda kutafuta chumvi, nikakimbia hadi bichi, pale mtoni mitumbwi inapovusha watu, kwa kuwa mwalimu alikuwa na desturi ya kununua samaki hapo kila alasiri.

Nilimkuta. Alikuwa ameshika samaki wawili kwa kamba, anamtania mama muuzaji. Hatua kumi tu kutoka hapo mtumbwi ulikuwa unajaza watu wa ng'ambo, na ng'ambo lori la wafanyabiashara wa Kivu lilikuwa linapakia kwenda Lubutu. Alihitaji kuingia mtumbwini tu. Lakini vijana wawili wa Chama walikuwa wamekaa juu ya magunia, na mmoja alijua mimi ni wa nyumba ya nani. Nikajiona nina akili kuliko watu wote wa bichi: nitamwambia kwa Kiingereza.

"It is time you go, sir," nikasema, nikimkazia macho.

Akainamisha kichwa upande, kama alivyofanya darasani akisikia kosa. "Muzuri. Lakini haiko go, iko went. It's time you went. Wakati uliopita, umekwisha sahau?"

"It's time you went," nikarudia. Nilitaka autazame uso wangu. Yeye alikuwa anaisikiliza sentensi.

"Njo vile! Mu darasa yote, ni wewe tu unasema muzuri hivi." Akatabasamu, akashika njia ya kwake na samaki wake.

Walimchukua magharibi ile ile, mlangoni pake. Hakurudi shuleni, hakuonekana tena Kindu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Lilikuwepo neno kimbia. Mtoto wa miaka miwili analijua, na wakati ule mtumbwi ulikuwa bado haujasukumwa majini. Nikiwasimulia watu huwa nasema niliwaogopa wale vijana, na ni kweli, niliogopa. Lakini katika uzee huu sitaki kujidanganya, ingawa naona haya kuliandika hili. Alikuwa amenisifu, na sifa ile ilinijaa kichwani hata nikasahau nimefuata nini pale. Nilirudi nyumbani nikiirudia sentensi kwa sauti njia nzima, sasa bila kosa.