Sikio la Baba Kwenye Gari la Umeme

Marehemu baba alitengeneza matrekta ya miwa kule Malava, na alinifundisha kupima gari kwa sikio. Kwa hiyo juzi, mwalimu mmoja mstaafu hapa Kakamega aliponiita nimkadirie bei ya kuuza gari lake la umeme, mimi dalali mzima niliona haya kukiri kwamba sijawahi kugusa gari la aina hiyo. Nililaza sikio kwenye boneti, nikafumba macho. Mngurumo ukaja, mzito, wenye kikohozi, kama trekta la baba asubuhi ya baridi. Machozi yakanilengalenga.

"Mwalimu, injini inakohoa. Bei itashuka."

"Mwanangu, hii gari haina injini, na sijaiwasha," akasema taratibu. "Hiyo unasikia ni kisiagi ya jirani. Anasaga mahindi."