Vidole vya Mzee Taban

Joska, jirani yetu wa mlango wa kona, alisema Mzee Taban amepandwa na jini. Alimwona kwa macho yake akiinua sufuria ya chai kutoka kwenye sigiri bila kitambaa, akaenda nayo taratibu mpaka mezani kama mtu aliyebeba uji uliopoa.

"Mtu wa kawaida anaweza hivyo?" aliniuliza. "Mama Ongom, usimpeleke mtoto kwenye baraza lile."

"Jini gani linajichemshia chai, Joska?"

"Kale, haya, wewe cheka tu."

Mimi niliendelea kumpeleka. Mume wangu analinda ghala usiku, na mchana analala, na chumba chetu hapa Makindye ni kimoja. Mtoto akilia, baba hapati usingizi. Kwa hiyo nilikuwa nakaa barazani kwa mzee, nanyonyesha na kumtazama akifanya kazi.

Mzee Taban ni Mnubi, mjukuu wa askari. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa giaboksi za otomatiki kwenye gereji moja kule Katwe, na wenzake wakishindwa walimpelekea yeye. Lakini tangu mvua zilipoanza alikuwa amehamishia kazi nyumbani. Mkewe, Mama Maimunah, alifurahi mpaka akaanza kuimba tena. Alisukia vikapu vyake karibu na meza ya mumewe, akaniambia, "Umemwona? Uzee umemkumbusha kwamba ana mke."

Giaboksi iliyokuwa mezani ilikuwa ya Ocira, askari polisi. Ocira alipeleka gari lake kwa mafundi vijana wa Mengo, wakaiongezea injini nguvu na kuifungia turbo kubwa. Mzee alinieleza kwamba ndani ya giaboksi kuna sahani nyembamba zinazobanwa pamoja na msukumo wa mafuta. Zikibanwa sawasawa, gari linakwenda. Zikiteleza, zinaungua. Injini ikiongezwa nguvu, sahani za zamani hazitoshi. Basi aliweka nyingine ngumu zaidi, akazidisha idadi, akazilaza kwenye mafuta mapya zinywe kwanza.

"Ni kama huyo wako," alisema akimtazama Ongom. "Amekuwa mzito, na wewe bado unambebea kitambaa cha tangu alipozaliwa."

Hiyo ilikuwa mara ya pili kuifungua. Alipoifunga mara ya kwanza, Ocira alimchukua mama yake kwenda Gulu. Njiani, wakiwa katikati ya kulipita lori, injini ikanguruma na gari likakataa kwenda, na mbele lori jingine linakuja. Waliponea kwenye majani ya kando ya barabara. Ocira alirudi bila ugomvi, akasema tu, "Baba, hiyo ni bahati mbaya. Nitazamie tena." Nadhani mzee angependa zaidi atukanwe.

Siku moja Mama Maimunah alikuwa ameenda sokoni. Mzee alikuwa anapanga sahani za chuma, nami nikaona tone jekundu kwenye ukingo wa beseni la mafuta. Likaja lingine. Yeye aliendelea kupanga.

"Baba, unatoka damu."

"Wapi?"

Aliuliza kama anayeulizia kitu cha mtu mwingine. Akageuza mkono, akaona kidole cha shahada kimepasuka, na chini yake lengelenge la moto la siku nyingi. Nikakumbuka ile sufuria. Nilimlaza Ongom kwenye mkeka, nikakifunga kidole kwa kipande cha kanga yangu. Nilibana sana, na yeye hakukunja uso hata kidogo.

"Ni sukari," alisema. "Daktari aliniambia itanitia ganzi, ianze na miguu. Sasa vidole navyo havisikii kitu."

Kisha akasogeza kwangu chombo cha duara, kirefu kama mkebe, ambamo sahani hukaa. "Nawa mikono. Ingiza kidole humo mpaka chini, zungusha. Kuna pete ya mpira yenye mdomo mwembamba. Jicho halifiki hapo, ni kidole tu. Mdomo ukijikunja, mafuta yanavuja na sahani zinateleza."

Nikazungusha polepole. Mpira ulikuwa laini, laini, halafu upande wa pili ukawa kama kola ya shati iliyokunjiwa ndani.

"Hapa pamejikunja, Baba."

"Rudia."

Nikarudia. Pamejikunja.

Alikaa. "Asubuhi nimepapasa hapo hapo," alisema. "Nikasema iko sawa. Hata ile ya kwanza nilisema iko sawa. Mama wa watu alikuwa ndani ya gari."

Nilimwuliza kama hakuna namna nyingine ya kupima.

"Ipo. Unapuliza upepo wa mashine, unasikiliza. Mashine iko Katwe." Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Kule walianza kuniona nikiangusha vitu. Saverio, fundi mwenzangu, alicheka, akasema mzee amekunywa. Mimi, ambaye sijui hata harufu ya pombe. Nikaona heri nifunge bila kupima kuliko kurudi pale."

Ongom alianza kulia, nikampakata. Mzee akasema giaboksi ataipeleka Katwe mwenyewe, Saverio aimalize na kuipima, na Ocira ataambiwa ukweli wote. Hilo alilisema bila kusita. Kisha tukamwona Mama Maimunah ameingia getini, kapu kichwani, anaongea na Joska na kucheka.

Mzee aliinamisha kichwa.

"Binti yangu, yeye hajui kitu. Nikianza mimi, nitataja sukari halafu nitanyamaza, nitamwacha na furaha yake. Anza wewe. Mwambie ulichokiona kwenye vidole. Na umwambie polepole, nakuomba, kwamba sikurudi nyumbani kwa ajili yake."