Ripoti Iliyokwama Kileleshwa

Usiku ule Kijakazi hakulala, wala hakujisumbua kujilaza. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mgongo ukutani, simu ameiweka juu ya rundo la mapazia ya watu aliyokuwa hajayakunja, akiitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Mtaa wa Kabiria ulikuwa umenyamaza, ila mbwa wa jirani na pikipiki moja moja. Nyuma ya pazia lililogawa chumba, binti yake Sahar alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Mtu aliyelala hageuki mara nyingi vile.

Lililokuwa likingojewa ni neno moja tu kutoka kwa Shamsudin: njooni mchukue.

Shamsudin ni kaka yake. Mama zao walizaliwa tumbo moja. Ndiye aliyetangulia kuja Nairobi kutoka Lamu, akafungua duka la vitambaa katikati ya mji, na Kijakazi alipofiwa na mume, ndiye aliyemletea cherehani hii mlangoni bila kuombwa. Sahar alipotakiwa na chuo atafute mahali pa kufanyia mafunzo ya kazini, hayo ambayo wanafunzi huyaita atachimenti, mjomba wake hakumzungusha. "Aje," alisema. "Duka ni lake."

Msichana akakaa kaunta muhula mzima. Na utaratibu wa chuo ni kwamba mafunzo yakiisha mwanafunzi anaandika ripoti juu ya biashara aliyoifanyia kazi, mwenye biashara anaisoma, anatia sahihi na kugonga mhuri. Bila mhuri ripoti haipokelewi. Bila ripoti mtu hahitimu, anarudia muhula. Siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Ripoti alikuwa nayo Shamsudin tangu Jumatatu, na simu hapokei.

Kijakazi alijua kwa nini hapokei. Au alidhani anajua.

Ripoti ya kwanza ilikuwa imerudi mwezi uliopita imejaa wino mwekundu. Sahar aliitupa kitandani, akajitupa na yeye kando yake.

"Lekchara anasema hii si ripoti, ni risala. Ati nimemwandikia mgeni rasmi."

"Kwani umeandika nini?"

Chuoni wanaandika Kiingereza, na Kijakazi aliishia darasa la saba, kwa hivyo Sahar akamsomea huku akitafsiri. "Katika ulimwengu wa leo wa biashara unaokwenda kwa kasi, mawasiliano ndiyo uti wa mgongo wa maendeleo. Duka hili tukufu, chini ya uongozi shupavu wa mkurugenzi wake mpendwa..."

Kijakazi alitoa pini mdomoni. "Duka tukufu? La Shamsudin?"

"Ndivyo tulivyofunzwa sekondari, mama. Uandishi mzuri lazima upambwe."

"Lipambwe duka lenye panya."

"Mama, usinichekeshe, nataka kulia." Lakini alicheka. "Huyu lekchara, Mwalimu Zedekiah, hataki mapambo. Kila ukurasa ameuliza: nani alifanya nini? Umejuaje? Sasa kifanywe nini? Anasema bosi ni mtu wa haraka, akisoma ukurasa wa kwanza awe ameshajua shida iko wapi."

"Basi nieleze mimi. Achana na Kiingereza. Umekaa pale, umeona nini?"

Sahar alivuta uzi uliokuwa umening'inia kwenye shuka.

"Wateja wa mbali wanaagiza kwa simu. Mjomba anapokea mwenyewe, haandiki. Jioni ameshasahau. Mama mmoja wa Kakamega aliagiza mitandio, akapelekewa mashuka. Wa Voi hakupelekewa kitu. Vijana wa duka wote wanajua. Wanampigia mteja kisirisiri wanamwomba radhi, lakini mjomba mwenyewe hakuna anayemwambia. Wanaogopa."

Kijakazi hakushangaa, na kule kutoshangaa ndiko kulikomtia hofu. Mwaka huu Shamsudin alikuwa amemletea kitambaa cha mapazia mara mbili, kilekile, kwa mteja yuleyule, na yeye alishukuru mara zote mbili kwa sababu hakujua pa kuanzia.

"Hayo ndiyo uyaandike," alisema. Aliyasema huku akipima upindo, kama mtu anayesema chumvi haijakolea.

Sahar akaandika upya. Kila jioni alimsimulia mama yake kwa Kiswahili kile alichotaka kusema, kisha akakigeuza Kiingereza kikiwa kifupi vilevile. Ulimwengu unaokwenda kwa kasi ukaondoka. Mkurugenzi mpendwa akaondoka. Ripoti ikapungua hata nusu yake, na ukurasa wa kwanza ukasema waziwazi: mwenye duka husahau maagizo anayopokea kwa simu, wafanyakazi wanajua na wanaogopa kumwambia. Mwalimu Zedekiah aliisoma ikiwa bado rasimu, akaandika chini kwa wino uleule mwekundu: sasa hii ni ripoti. Siku hiyo Sahar aliingia nyumbani akiruka kama mtoto, na Kijakazi akapika biriani katikati ya wiki.

Katika furaha ile hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba ripoti ina wasomaji wawili. Walimfikiria lekchara, wakamsahau yule wa kutia sahihi.

Sahar alikumbuka akiwa ameshasimama mbele yake. Jumatatu ile Shamsudin alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza hapo hapo kaunta, akaifunga. "Nitaisoma nyumbani," alisema, na kahawa yake akaiacha ikapoa. Tangu siku hiyo hakuonekana dukani. Vijana walisema anaumwa.

"Mama." Sauti ilitoka nyuma ya pazia, kavu, si ya mtu aliyeamka usingizini. "Niitoe ile sentensi?"

"Lala."

"Nikiitoa atasaini. Kesho asubuhi mapema naenda saiba ya pale Riruta, kwenye kompyuta za kukodi, napiga chapa nyingine, nasema duka liko sawa."

"Na mwalimu?"

"Alishaisoma. Atauliza imeenda wapi, na atanifelisha."

"Kwa hivyo ukiiacha huna mhuri, na ukiitoa huna alama."

"Ndio hivyo."

Kijakazi aliitazama simu tena. Alikuwa ameshapanga lake. Ataenda mwenyewe Kileleshwa, nyumbani kwa Shamsudin, amwambie mtoto alikosea. Alidhani tu, hakuelewa mambo ya wakubwa, alisikia maneno ya vijana akayaamini. Mzee akishaambiwa kwamba ni uongo, moyo utatulia, atagonga mhuri kwa huruma ya damu, na ripoti iende ilivyo. Lilikuwa jambo dogo, kusema neno moja lisilo la kweli kwa ajili ya mtoto. Alilirudia kimoyomoyo mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi walifika Kileleshwa magari ya kwenda kazini yakiwa bado yamebanana. Kwenye geti la magorofa kulikuwa na bawabu aitwaye Musili, aliyemjua Kijakazi kwa vikapu vya vyakula alivyoleta kila sikukuu.

"Leo mama huna kikapu," alisema.

"Leo nina shida, Musili. Huyu mwanangu abaki na wewe hapa." Akamgeukia Sahar. "Usipande. Akikuona, hasira itapanda tena."

"Mama, utamwambia nini?"

"Nitajua nikifika."

Aliyefungua ni Abeer, mke wa Shamsudin, lakini alifungua kwa upana wa mnyororo tu. Siku nyingine angeshaanza utani: wifi, umekuja kuhesabu masufuria ya kaka yako? Leo alionyesha jicho moja na nusu ya mdomo.

"Mzee amelala," alisema.

Kutoka ndani sauti ikaita, kunjufu kabisa, "Abeer, nani huyo mlangoni?"

"Kijakazi."

"Mwambie aingie."

Abeer hakusogea.

"Nimekuja kuomba radhi, wifi," Kijakazi alianza. "Mtoto..."

"Mtoto ameandika kwa Kizungu kwamba mume wangu amerukwa na akili."

"Hakuandika hivyo."

"Ameandika anasahau. Huko mitaani tofauti iko wapi?"

Maneno yalikuwa tayari ulimini. Alikosea. Alidhani tu. Kijakazi alifungua kinywa ayatoe, na sauti ikaita tena kutoka ndani, kunjufu vilevile, kama haijawahi kuita.

"Abeer, nani huyo mlangoni?"

"Kijakazi," alisema Abeer. Hakugeuka, hakukasirika. Alijibu polepole, kwa upole wa mtu aliyezoea kujibu swali moja kutwa nzima.

Kijakazi akakifunga kinywa. Angewezaje kumwambia mwanamke huyu kwamba ni uongo, wakati wote wawili wamesikia?

"Tangu lini, wifi?"

Abeer alitazama sakafu. "Ramadhani ya mwaka jana. Alitoka kuswali, akasimama hapo chini getini, hakujua apande ngazi ipi." Akavuta pumzi. "Unadhani amekasirika? Hakukasirika. Aliisoma Jumatatu usiku mpaka mwisho. Akasema msichana amesema kweli. Akatia sahihi, akatoa mhuri mkobani akagonga. Asubuhi akaniuliza, Sahar ataleta lini ripoti yake?"

"Kwa hivyo imesainiwa."

"Imesainiwa. Iko chini ya godoro langu. Na simu yake ninayo mimi."

"Nipe, wifi. Saa sita chuo kinafunga kupokea. Mtoto atarudia muhula."

"Nikupe iende mjini ikasomwe?" Sasa sauti ya Abeer ilishuka ikawa ya kunong'ona. "Abdulrauf hajui. Mwanangu yule namjua, ni mzuri lakini ana haraka. Akijua tu, atamtoa baba yake dukani, amweke hapa sebuleni atazame televisheni mpaka afe. Lile duka ndilo linalomwamsha asubuhi."

"Itasomwa na mwalimu mmoja, iwekwe kabatini."

"Una hakika?"

Kijakazi alifikiri. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Sina," alisema. "Siwezi kukuahidi. Lakini vijana wa duka wanajua, wifi. Wateja wanajua. Mimi nilijua, nikanyamaza. Abdulrauf ataambiwa tu, na atakayemwambia atakuwa mtu wa nje. Mtoto hakuandika mzee atolewe. Ameandika aketi palepale kaunta, na kando yake awekwe mtu mwenye kalamu, kila simu ikiingia iandikwe. Hukufika hapo?"

"Kiingereza changu hakikufika huko," alisema Abeer. "Nilikomea kwenye kusahau."

Kisha akafunga mlango.

Kijakazi alibaki kwenye ngazi. Hakugonga tena. Kupitia matundu ya ukuta wa ngazi alimwona Sahar chini, amesimama wima kando ya Musili, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akawaza kuhusu muhula mwingine, na msichana atakavyozeeka uso kabla ya wakati. Akawaza kuhusu Abeer, akijibu lile swali moja usiku na mchana, akilalia karatasi asiyoweza kuisoma yote. Hakujua amwombee nani kati ya hawa wawili. Ndani alisikia sauti ya Abeer akizungumza kwenye simu, maneno hayashikiki, kisha mtu akipenga kamasi.

Jua lilikuwa limeshapanda ukutani mnyororo ulipoanguka.

Abeer alitoka na bahasha ya kaki. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mtandio ulikuwa umefungwa vizuri, kama wa mtu anayengoja wageni.

"Mpe mtoto aende," alisema. "Wewe rudi. Nimempigia Abdulrauf, anakuja kutoka Kitisuru. Nimemwambia kuna jambo la baba yake. Ameshaanza kupaza sauti na hata sijamwambia ni lipi. Sitakaa nalo peke yangu leo."

Kijakazi aliteremka haraka kuliko magoti yake yalivyopenda. Sahar alipokea bahasha, akachungulia ndani, akauona mhuri.

"Amesema nini, mama?"

"Amesema umesema kweli. Nenda, usichelewe."

"Na wewe huji?"

"Nina kazi huku juu."

Alimtazama mpaka alipopinda kona, kisha akazishika ngazi tena, polepole, mkono kwenye chuma cha kushikia. Hakujua Abdulrauf atasema nini, wala kama Jumatatu Shamsudin atalifungua duka lake. Alipofika juu alikuta mlango uko wazi, wote, hadi ukutani. Chini gari likapiga honi mara mbili, ya mtu asiyetaka kungoja, na Musili akasikika akikimbilia geti.

Kijakazi akavua viatu, akaingia, akauacha mlango ulivyo.