Karabini ya Babu na Mbogo wa Kalembe

Niliporudi kijijini kwetu Kalembe mwaka huu kwa kilio cha shangazi, tulikuwa uani tukichambua maharage, bunduki ikalia ng'ambo ya kilima. Mtoto wa kaka yangu akataja aina ya bunduki ile bila kuacha kutafuna hindi lake. Wakubwa wakaitikia kwa kichwa, tukaendelea na maharage. Mimi, rafiki yangu, katika umri wake nilijua mlio wa bunduki moja tu, nayo ilikuwa ya babu.

Ilikuwa karabini ya kuwindia. Babu aliiita tisa-tatu, kwa kipimo cha risasi zake. Haikuwa kubwa kama za kuulia tembo, wala ndogo kama zile za swala. Alikuwa akisema bunduki ndogo inamuumiza mnyama na kumwacha aende, na iliyo kubwa mno inamtisha mwenyewe anayeibeba mpaka anafumba macho. Aliisafisha jikoni, karibu na chungu, na harufu ya mafuta yake ilichanganyika na ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mwaka ule wa mvua nyingi, mbogo alianza kutoka msitu wa upande wa Walikale na kukanyaga mashamba yetu. Jirani yetu, mwanaume aliyekuwa ameoa juzi tu, alimvizia kwa kalibre duze, ile bunduki inayotawanya vipande vidogo vya risasi. Mbogo akaondoka na vidonda vyake, lakini hakufa. Tangu hapo akawa mnyama mwingine. Alijificha kando ya njia ya mtoni, akamvunja mguu mke wa katekista aliyekwenda kuteka maji. Mama zetu wakaacha kulima. Magugu yakapanda, na nyumbani tukala viazi asubuhi na jioni. Babu alikataa hata kumsalimu jirani.

Risasi za babu zilibaki chache, za aina mbili: moja yenye ncha laini, nyingine ngumu kutoka ncha mpaka kitako. Zilikuwa zimekaa muda mrefu na babu hakuziamini. Asubuhi moja akaangusha migomba kadhaa ya nyanya yangu, mke wake, akaipanga mmoja nyuma ya mwingine, akachora alama kwa kipande cha kaa la jikoni juu ya ule wa mbele. Nyanya alilalamika kwamba mbogo amekula maharage na sasa mume wake anamalizia ndizi.

Babu akapiga ya kwanza. Nyanya na mimi tukachimba kwa kisu ndani ya mgomba uliokuwa ukidondosha maji, tukaikuta ile laini imefunguka kama uyoga, imeishia mgomba wa pili. Ya pili, ngumu, ilipita yote na kuzama kwenye udongo.

"Mbogo mwenye anakula pole pole, atakupa ubavu, na hii laini inatosha," babu akasema. "Lakini huyu tumeisha kumuumiza. Atakuja na kichwa. Iko lazima hii ngumu."

Nyanya alikuwa anatazama alama ya kaa. Risasi zote mbili zilipita mbali nayo, moja karibu na ukingo kabisa wa mgomba. Akaweka kidole juu ya kaa, halafu juu ya tundu, akamtazama babu.

Babu alikaa chini kwenye majani. Kisha akanituma kumwita jirani.

Jirani alikuja na kofia mkononi, akasimama mbali. Babu akamnyooshea karabini.

"Macho yangu iko na ukungu," akamwambia. "Wewe njo mwenye ulimuumiza, wewe njo mwenye utamumaliza. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Jirani alisema anaogopa. Babu akamjibu kwamba ni vizuri, asiyeogopa ndiye aliyempiga mbogo kwa kalibre duze. Kisha akamfundisha kuishika ile bunduki, bila haraka, mpaka jasho likamkauka. Risasi moja tu walikubali kuipoteza kwa majaribio. Ilitoboa alama ya kaa katikati.

Waliondoka kesho yake umande haujakauka. Sisi tulikaa jikoni, mke wa jirani akiwa ameshika mkono wa nyanya. Mlio ukaja kutoka upande wa mtoni, mmoja. Tukangoja wa pili. Haukuja, na hatukujua kama hiyo ni habari njema. Jua lilikuwa limepanda sana walipotokea, jirani mbele, babu ameshika bega lake kama anayevuka mto. Siku ile kila jiko lilitoa moshi wa nyama, na fungu la kwanza lilipelekwa kwa mke wa katekista.

Babu hakuibeba tena karabini ile. Miaka ya baadaye, wapiganaji walipoanza kuzunguka wakiuliza nani ana bunduki, aling'oa kile chuma chake kinachofungia risasi ndani, akakitupa mtoni ili isilie tena.

Mbogo hawatoki tena, na msitu wenyewe umesogea mbali. Nyama yake siikumbuki sana. Ninachokikosa ni wazee wale waliokata migomba na kubishana asubuhi nzima juu ya risasi ipi inafaa, ili kiumbe kimoja kife mara moja, na kwa sababu iliyojulikana na wote.